Barua ya wazi: Alama za picha za nyuso zisitumike kumhukumu mgonjwa wetu

Kwa Mganga Mfawidhi,
Mkuu wa Idara ya Afya ya Akili,
na Msimamizi wa mradi wa tathmini.

YAH: KIPIMO CHA KUSOMA HISIA USONI KWA WAGONJWA WENYE SAIKOSISI

Shikamooni wakubwa zangu, na poleni na kazi. Mimi ni dada wa kijana anayetibiwa kwenye kliniki yenu, tunaishi huku Mbeya, na kabla ya kuandika hapa nilishafika ofisini kwenu, nikaacha barua ya mkono masjala, nikapiga na ile namba iliyopo kwenye fomu ya ridhaa, kote naambiwa subiri utaitwa, na sijaitwa. Jina la hospitali siandiki maana sitaki manesi wetu waandamwe mtandaoni kwa jambo ambalo hawakuliamua wao, na jina la mdogo angu ndo kabisa, ila nyie mkisoma mtajijua.

Niseme mapema ili tusibishane bure, kipimo chenyewe sikipingi. Nalalamikia namna kinavyofanyika kwenu na kazi mnayoyapa majibu yake.

Kwa wasomaji ambao hawajakiona, ni hivi. Mgonjwa anakaa mbele ya tableti, zinapita picha za sura za watu moja moja, na kila picha anatakiwa aseme huyu ana furaha, ana huzuni, ana hasira, anaogopa, au yuko kawaida tu. Vipimo vya namna hii vipo miaka mingi. Mwaka 1976 Paul Ekman na Wallace Friesen wa Marekani walitoa seti yao ya picha 110, nyeusi na nyeupe, ikatumika karibu dunia nzima. Baadaye Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakatengeneza cha kwao cha kompyuta chenye picha 40 za rangi na machaguo matano. Na kweli vimeonyesha kitu. Mwaka 2010 Christian Kohler na wenzake walikusanya tafiti 86 wakaona wenye skizofrenia, aina moja ya saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, kwa wastani wanapata chini kuliko watu wasio na ugonjwa, tena pengo ni kubwa, siyo la kutafuta kwa tochi. Linaonekana tangu mtu anapougua mara ya kwanza, na mara nyingi linabaki hata sauti zikishanyamaza, maana dawa zinazotuliza sauti na wasiwasi hazilisaidii sana hili la kusoma nyuso.

Nyumbani tunalijua kabla ya tableti yoyote. Mama akiwa anachambua mchele kimya, uso wake wa kila siku tu, mdogo angu anasimama mlangoni anauliza mama nimekukosea nini. Mama anasema hamna kitu mwanangu, yeye haamini, anaingia chumbani, jioni hali. Watafiti nao wameliona, kwamba sura isiyo na hisia yoyote baadhi ya wagonjwa wanaisoma kama sura mbaya, ya hasira au ya vitisho, na uso wa mtu anayeogopa unawapa shida sana, wakati furaha wengi wanaitambua vizuri. Fikirini maisha ya mtu ambaye kwenye daladala ya kutoka Uyole kila abiria aliyekaa kimya anamuona kama amemkasirikia. Kwahiyo mliposema mnaleta kipimo cha hilo mimi nilifurahi kweli, nikasema sasa tutapata msaada. Ndo maana nimeumia hivi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sura zenyewe. Picha zote alizoonyeshwa ni za watu wa nje, wengi wao wazungu, waigizaji walioambiwa wakunje uso au watoe macho. Mdogo angu hajawahi kuishi na watu hao. Na hili siyo ubishi wa mtu wa mtaani, mwaka 2002 Hillary Elfenbein na Nalini Ambady walipitia tafiti nyingi za nchi tofauti wakakuta watu wanasoma vizuri zaidi hisia kwenye nyuso za watu wa kwao. Tena hapa hapa Tanzania, Wahadzabe wa kule ziwa Eyasi walishafanyiwa utafiti, ulitoka mwaka 2020, na majibu hayakuunga mkono ile imani kwamba binadamu wote wanasoma sura kwa namna moja. Wahadzabe waliopimwa hawakuwa wagonjwa. Sasa kama mtu mwenye afya zake wa hapa nchini anaweza kujibu tofauti na karatasi ya majibu iliyotoka Marekani, nyie mnajuaje kwamba alichokosa mdogo angu kimetokana na ugonjwa?

Na kuna hili la malezi yetu huku Nyanda za Juu. Mtoto aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mkubwa, anasalimia ameinamisha kichwa, msichana anapiga goti. Kwa Wanyakyusa mke wa kijana alikuwa hatakiwi hata kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, na kuna familia bado zinashika hilo. Hisia za mkubwa tunazisoma kwenye sauti, kwenye namna alivyoitikia salamu, kwenye kukaa kimya kwake, kwenye jinsi anavyoshika fimbo. Halafu mtu huyo huyo unamuwekea picha ya mzee wa kizungu amekaza macho skrini nzima, haina sauti, unamwambia mtazame usoni useme anajisikiaje, na akisita unaandika ameshindwa.

2. Siku yenyewe ya kupimwa. Alipimwa asubuhi ile ile aliyochomwa sindano yake ya dawa ya kila mwezi, hakuwa amelala vizuri, kwenye korido, watu wanapita, mtoto wa mtu analia pembeni. Miwani yake ilikuwa nyumbani na hakuna aliyeuliza kama anavaa. Anatumia Artane kwa sababu sindano inamkaza misuli, na Artane yenyewe inaweza kufanya macho yaone ukungu na akili iwe nzito kidogo, nyie mnalijua kuliko mimi. Machaguo kwenye skrini yalikuwa ya Kiingereza, sista akawa anamuelezea kwa maneno yake, na ndugu wa wagonjwa wengine nilioongea nao kila mmoja anasema mgonjwa wake alielezewa tofauti. Alafu picha ikikaa muda fulani inaondoka yenyewe, na yeye kugusa skrini tu ni kazi, simu yake ni ya vitufe.

Mkaandika tena pale chini ya majibu yake kwamba "uso wake hauonyeshi hisia". Wakubwa zangu, kuonyesha hisia kwenye uso wako na kuzisoma kwenye uso wa mwenzako ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na uso uliokauka kwa sababu ya dawa na ndani anakusoma vizuri tu. Kuviweka kwenye mstari mmoja kama vile kimoja kinathibitisha kingine ni kumuonea.

3. Alama moja ya jumla. Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu maana ndo kiini. Faili lina namba moja tu, amepata ngapi kati ya ngapi, na neno "duni". Hamna sehemu inayosema alikosea wapi. Chukueni kipimo chenye machaguo matano, mtu akibahatisha tu anapata moja kati ya tano, kwenye picha 40 ni kama 8 hivi bila kujua chochote. Na mtu akijibu "hasira" kwenye kila picha atapata picha zote za hasira, ukiangalia hapo tu utasema huyu hasira anaijua kweli kweli, kumbe haijui, anaiona kila mahali. Watafiti wameshatengeneza hesabu za kurekebisha hilo, zinaangalia alichopata pamoja na mara alizotumia jibu hilo mahali ambapo siyo.

Kwa mdogo angu tofauti hiyo ndo kila kitu. Kama shida yake ni kuona hasira kwenye sura za kawaida, sisi nyumbani tunajua cha kufanya, mama anajifunza kusema kwa mdomo "sijakasirika, mgongo unaniuma tu", na yeye anajifunza kuuliza kabla ya kuamua. Kama shida ni kwamba hatambui mtu anayeogopa, hilo ni jambo lingine na msaada wake ni mwingine. Na kama alikuwa hatazami macho na mdomo wa kwenye picha, anatazama pembeni, maana hilo nalo limeonekana kwa wagonjwa wengi pale walipofuatilia macho yao yanaenda wapi, basi anaweza kufundishwa atazame wapi. Neno "duni" halitupi hata kimoja kati ya hivyo.

Na hamkupima kitu cha pili cha kulinganisha. Kuna vipimo vya siku nyingi, kama kile cha Arthur Benton, ambavyo havigusi hisia kabisa, unaonyeshwa sura ya mtu halafu unaitafuta sura hiyo hiyo kati ya nyingine. Mtu akishindwa na hicho pia, basi shida inaweza kuwa macho, umakini au uchovu, siyo hisia. Akikiweza hicho na kushindwa cha hisia, hapo sasa ndo una neno la kusema. Bila hicho cha pili mmepima asubuhi mbaya ya mdogo angu mkaiita ugonjwa.

4. Hakuna wa kulinganishwa naye. Nilimuuliza mhusika hiyo "duni" ni chini ya nani, akasema ni chini ya wastani. Wastani wa wapi? Hakuna mama lishe wa Mwanjelwa aliyekaa na tableti ile, wala dereva bajaji wa Kabwe, wala mwalimu wa Mafinga, wala kijana aliyeishia darasa la saba kama mdogo angu. Nilimuomba sista tujaribu wote wawili wakati korido imetulia, na kwenye picha zaidi ya moja mimi na yeye tulitofautiana, na wote tuna akili timamu na tunafanya kazi.

5. Majibu yametoka nje ya kliniki. Mdogo angu alikuwa na kazi. Stoo ya mchele, anapima, anafunga, anaongea na wateja, na wateja walikuwa wanampenda. Mwajiri aliomba tu barua kwamba anaendelea na matibabu na anaruhusiwa kurudi. Barua iliyotoka kwenu imeandika ana upungufu mkubwa wa kutambua hisia za watu na hashauriwi kazi ya kukutana na wateja. Kwa kipimo kile. Cha korido. Mwajiri alikuwa na huruma kwanza, akamtoa mbele akamuweka kupakua magunia, baadae akamwambia apumzike mpaka apone, na sisi wote tunajua hiyo maana yake nini.

Mtaniambia tafiti zinaonyesha wanaosoma hisia vibaya wanapata shida zaidi kazini na kwenye mahusiano. Ni kweli, zinaonyesha, lakini ni wastani wa kundi la watu. Ndani ya kundi hilo kuna waliopata alama za chini na wana kazi na familia, na wapo wa alama za juu waliokwama. Huwezi kuchukua wastani wa kundi ukamfukuzia kazi mtu mmoja ambaye mwajiri wake hajawahi kulalamika. Hivi vipimo vingi vilitengenezwa kwa ajili ya utafiti na kuangalia kama tiba inasaidia, siyo kuandikia barua za kazi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa ni taarifa nyeti. Mdogo angu hakuombwa ruhusa kwamba majibu haya yaende kwa bosi wake. Alisaini kupimwa.

6. Video. Wakati anapimwa kamera ya tableti ilikuwa inamrekodi uso. Kwenye fomu kuna kasentensi kamoja tu kanakosema "data zinaweza kuhifadhiwa". Nataka kujua video ipo wapi, nani anaiona, na inafutwa lini.

Najua majibu mtakayonipa, mengine nimeshayasikia dirishani. La kwanza, kipimo ni cha kimataifa. Hata huko kimataifa wanavichuja. Amy Pinkham na wenzake walifanya kazi ya miaka kadhaa Marekani kuvichambua vipimo vya aina hii, majibu yao ya mwisho yalitoka mwaka 2018, na siyo vyote vilivyofaulu. Kimoja kilichofaulu ni cha Morris Bell na wenzake, hicho kina vipande 21 vya video, mtu anaongea, una sauti yake, una mwili wake, siyo picha iliyoganda. Na bado mwigizaji ni mmoja na anaongea Kiingereza, kwahiyo hata hicho mkikileta Mbeya kama kilivyo nitaandika barua nyingine.

La pili, hakuna hela ya kutengeneza picha zetu. Iringa na Mbeya zina vyuo, vina wanafunzi wa sanaa, wa saikolojia na wa uuguzi, mna watumishi wenu. Watu wakipigwa picha na video kwa hiari yao, kisha wananchi wa kawaida wakaulizwa kila picha inaonyesha nini na zikabaki zile wanazokubaliana wengi, hiyo kazi inahitaji muda na uaminifu kuliko mamilioni. Maneno ya machaguo nayo wakae manesi, wagonjwa na ndugu wakubaliane neno moja moja, alafu likishaandikwa liandikwe, asije mtu akaelezea kwa namna yake.

La tatu, ni utafiti na una kibali. Sawa, kama una kibali basi kuna karatasi inayosema majibu yatatumika kwa kazi gani, na nina uhakika haisemi barua ya mwajiri. Na kama ni matibabu siyo utafiti, basi mgonjwa ana haki ya kuelezewa majibu yake. Mchague kimoja.

La nne sijaambiwa usoni ila niliona kwenye sura ya aliyenihudumia, kwamba mimi siyo daktari. Kweli siyo. Ila ni mimi ninayekaa naye usiku akiwa haamini uso wa mtu yeyote ndani ya nyumba, nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu jambo hili, na kama kuna mahali nimekosea kitaalamu naomba mnijibu hadharani kama nilivyoandika hadharani.

Ninachoomba:

Barua iliyoenda kwa mwajiri ifutwe kwa barua nyingine iliyosainiwa na Mganga Mfawidhi, inayosema kipimo kile hakitoshi kuamua uwezo wa mtu kufanya kazi. Hili la kwanza na halisubiri kikao, kila wiki inayopita nafasi yake pale stoo inazidi kwenda. Na neno "duni" kwenye faili lake liwekewe maelezo ya hali aliyopimwa nayo, dawa, miwani, lugha na korido, ili daktari mwingine atakayelifungua asilichukue kama lilivyo.

Kwa wagonjwa wote, alama za kipimo hiki zisitumike kuamua kazi, malezi ya watoto, ndoa wala ruhusa ya kutoka wodini, mpaka kiwe kimejaribiwa kwa watu wa mikoa yetu wenye afya na wagonjwa, wa umri na elimu tofauti, mtu akirudia baada ya wiki kadhaa majibu yasiruke ruke. Apimwe mtu akiwa ametulia, kwenye chumba, macho yake yameangaliwa, asipimwe siku ya sindano. Apewe na kile cha sura bila hisia cha kulinganisha. Ripoti iandike alikosea wapi na aliona nini badala yake.

Ndugu wa mgonjwa tukae na nesi au daktari hata robo saa tuelezwe majibu yanamaanisha nini nyumbani. Najua muda hamna. Lakini hapo ndo kipimo kinakuwa dawa. Na kama mnaweza kuanzisha mafunzo ya kikundi, maana wenzetu Ujerumani na Marekani wana mafunzo ya kuwafundisha wagonjwa kusoma hisia na yameonyesha wanaongezeka alama, mimi na ndugu wengine tuko tayari kuja kusaidia, kupanga viti, kupika uji, kuigiza hata hizo sura.

Kuhusu video, nataka jibu la maandishi.

Naomba nijibiwe ndani ya siku 30. Zikipita nitapeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu barua na video, na kwa kamati ya maadili iliyotoa kibali cha utafiti, kama kibali kipo. Ningependa zaidi tuyamalize mezani, maana kliniki ni hiyo moja tunayoitegemea na mdogo angu anawapenda sana manesi wenu.

Namba yangu ya simu ipo kwenye faili, ukurasa wa kwanza, sehemu ya ndugu wa karibu. Jumanne na Alhamisi asubuhi niko huru.

Wenu katika kuwauguza,
Dada wa mgonjwa,
Mbeya.